Madoa ya Lami

“Weka kisu chini, Baba Rukia! Utakwangua na rangi.”

“Rangi gani tena? Nimekuachia gari siku moja tu, limerudi na madoa kama chui. Huliendeshi tena!”

“Barabara inawekwa lami. Hata wewe ungepita pale, ingekurukia.”

Zaituni alilowesha kitambaa kwa mafuta ya kupikia, akakikandamiza juu ya doa, akasubiri.

Mumewe alicheka. “Unakaanga mlango?”

Zaituni alipofuta, lami ilitoka yote. Rangi nyeupe ilibaki nzima.

“Madoa yaliyobaki utayafuta wewe jioni. Kwenda kazini naendesha mimi.”

Akampa kitambaa, akachomoa ufunguo mfukoni mwa mumewe, akawasha gari, akamfungulia mlango wa abiria. Mumewe alibaki amesimama, mafuta meusi yakimtiririka vidoleni.