Jiko Lisilouzwa

Saa nne asubuhi, Lukindo, ofisa wa Idara ya Video, alibisha hodi kwa Bi Nyamizi. Sheria ilikuwa wazi: fundi akifa, video zake za biashara hufutwa, za sanaa hubaki.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuifuta ile ya marehemu."

Kwenye video iliyokuwa ikicheza ukutani, mumewe alikuwa akigonga bati, akiwakaribisha wateja, akimcheka kuku aliyejipenyeza ndani ya jiko jipya. Hapakuwa na rekodi nyingine yenye sauti yake.

"Marahaba. Na hicho kicheko, kinauzwa bei gani?"

"Kicheko hakiuzwi, mama. Majiko ndiyo yanauzwa. Mradi limebaki hata moja dukani, video hiyo ni tangazo."

Lilikuwa limebaki moja. Bi Nyamizi alilitoa dukani akalipeleka uani, akalijaza mkaa, akaliwasha, akabandika chai. Bati likaanza kuwa jeusi.

"Haya, mwanangu. Katafute lingine la kununua."

Lukindo alipekua duka zima, akarudi mikono mitupu. Aliandika "sanaa", akapokea kikombe chake, akanywa, akaondoka.

Ukutani, marehemu alikuwa bado anawakaribisha wateja.