Swali la Barazani

"Hapa kwako kelele tupu, kinyozi. Binti ajisomee shuleni mpaka mitihani iishe," alisema mwalimu mkuu, povu limemjaa kidevuni. Fomu ilikuwa mezani, ikingoja sahihi ya mzazi.

Kinyozi hakubisha. Mwezi mzima binti yake alikuwa akisoma kwa sauti hapo barazani, wateja wakibishana naye.

"Haya, binti," mwalimu alimjaribu. "Damu hutoka chumba gani cha moyo kwenda mwilini?"

"Ventrikali ya kushoto," alijibu kinyozi aliyeishia darasa la nne, wembe umetua juu ya mshipa wa shingo ya mwalimu.

Mwalimu hakuthubutu hata kumeza mate.

"Hilo ni la baba," binti alisema bila kuinua macho kitabuni. "Mimi niulize gumu."

Kinyozi akaweka wembe chini, akachukua kalamu kutia sahihi; maswali magumu yalikuwa shuleni, si barazani.