Kisogo cha Mdogo Wangu

Nilipoinua nywele za Ruzbeh ili nimfunge utepe wa kifalme, niliona doa jeupe kisogoni, pana kama ukucha wa kidole gumba.

Mdogo wangu wa baba mmoja hakujua kwamba analo. Alikaa chini ya taji lililoning'inia kwa mnyororo wa dhahabu, akinukia mafuta ya waridi.

"Polepole, kaka," alisema huku akiwatazama wakuu. "Au hilo sikio lililobaki nalo limekufa?"

Wakuu walicheka. Sikio langu la kushoto lilikatwa kwa amri ya mama yake, kwa kuwa kwetu mwenye kasoro mwilini hakalii kiti cha enzi. Ndugu zetu wengine walikwisha kuuana. Tulibaki wawili, na mzima alikuwa yeye.

Kuhani wa moto aliniuliza swali analoulizwa kila mfunga utepe: "Mwili wake hauna kasoro?"

Fundo la utepe lingelifunika doa lile kabisa. Nikisema, nyumba ya baba yetu imekwisha.

"Jibu basi, kaka," Ruzbeh alininong'oneza. "Wivu utakuua bure."

Niliuweka utepe chini, nikazikusanya nywele zake zote kwa mkono mmoja, nikamwinamisha kichwa.

"Njooni muone wenyewe," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kule mlangoni, jemadari wa jeshi, mtu asiye na hata tone la damu yetu, alianza kuvua kofia yake ya chuma, macho yake kwenye taji.