Keki za Alhamisi

Kwa Alhamisi ya kumi na moja mfululizo, Nishiwaki alivua viatu mlangoni pa nyumba ile ile kuukuu mjini Kanazawa, akainama, akatanguliza boksi la keki za maharage matamu. Udalali unataka macho makavu, na yeye alikuwa nayo.

Safari hii, hata hivyo, muda ulikuwa umemwishia. Bosi wake alikitaka kiwanja kile ajenge hoteli, na alishasema: sahihi isipopatikana kufikia kesho, Nishiwaki atahamishiwa tawi la kaskazini, kwenye theluji, mbali na mchumba wake.

Hati ya nyumba bado ilikuwa na jina la marehemu mzee Kuwabara. Alhamisi ya kwanza Nishiwaki alimkuta bibi mmoja ndani, kajifunga kitambaa kichwani, akamwita Mama Kuwabara. Bibi akacheka kidogo, akamkaribisha. Siku nyingine zote aligonga mpaka vidole vikauma, asiitikiwe na mtu.

Kama kawaida, bibi alifungua makabati mawili kabla ya kuviona vikombe. Kama kawaida, alikula keki tatu na kuisifu kila moja.

"Na ile habari ya nyumba, Mama?"

"Aa, kuuza." Bibi akashusha pumzi. "Hilo kwangu ni gumu kidogo. Siwezi, Bwana Nishiwaki. Unisamehe sana."

Nishiwaki alikuwa mtoto wa mji ule, hakuhitaji mkalimani. Watu wa kwao hawamwambii mgeni kwamba hawataki. Husema hawawezi, na mgeni mwenye adabu zake huelewa, hushukuru, kisha hurudi wiki ijayo na bei nono zaidi. Yeye alishapandisha bei mara nne. Kila mara bibi alisikitika pamoja naye kwa moyo wote, kisha akauliza kama keki zijazo zingeweza kuwa za ufuta.

Leo zilikuwa za ufuta, na wiki ijayo haikuwepo tena. Kwa hiyo Nishiwaki, jasho likimtoka, akafanya jambo ambalo mama yake mzazi angemkana kwa aibu. Akauliza waziwazi.

"Mama, nakuomba uniambie ukweli tu. Hutaki, au huwezi?"

Bibi alimtazama kwa huruma, akaramba ufuta uliomganda kidoleni.

"Siwezi, mwanangu. Mwenye nyumba anakaa Osaka. Mimi huja Alhamisi kufagia."