Kulabu ya Gari Jekundu

"Gari hili ni la mbio, mzee. Halikuundwa kuvuta tela," alisema fundi Sanare, akiwa amelala chini ya gari jekundu la viti viwili. "Itabidi nilichongee kulabu yake. Mzigo una uzito gani?"

Mzee Kalumuna alilitazama tela dogo alilolipaka rangi nyeupe asubuhi ile.

"Kilo arobaini na nane. Ndivyo walivyompima hospitali wiki iliyopita."

Fundi aliacha kugonga. Alitoka uvunguni, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Pole sana, mzee. Na jeneza ni la mti gani?"

"Mninga."

"Basi tuseme kilo mia."

"Nilimwahidi binti yangu kumpeleka kanisani kwa gari hili siku ya harusi yake," alisema mzee. "Hakutaka jingine."

Sanare alikata chuma kinene kuliko alichokusudia, akakichomelea, akangoja kipoe. Kwa kawaida, kila kulabu aliyomaliza aliipanda na kuirukia mara tatu mbele ya mwenye gari kuthibitisha uimara wake, mafundi wenzake wakihesabu kwa sauti. Leo aliipanda akasimama tu, mkono mmoja juu ya buti la gari.

"Ruka, fundi," alisema mzee. "Nataka nione."

Sanare alikunja magoti, gari likadidimia kidogo pamoja naye. Akabaki hivyo.

"Moja," mzee alihesabu, peke yake, kabla fundi hajaruka.