Malalamiko ya Bi Mwanakheri

Ofisi nzima ilimpigia makofi, na kila kofi Umulisa alilisikia shavuni. Miezi mitatu bila lalamiko hata moja lililobaki bila kutatuliwa. Meneja Athanasie alimkabidhi cheti, akamwambia atabasamu, wakapigwa picha dirishani na mtaa wote wa Kimihurura, Kigali, nyuma yao. Umulisa alitabasamu.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wa Kidundo, kijiji cha pwani ya Tanzania, ambako kampuni ilikuwa na mashine tatu za umeme wa upepo. Zote ziliendeshwa kwa kompyuta kutoka hapo hapo Kigali. Kiti hicho alipewa kwa sababu alikulia Karagwe na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Simu isizidi dakika tatu, hiyo ndiyo ilikuwa amri.

Sasa kamwambie mtu wa pwani aeleze jambo lake kwa dakika tatu. Bi Mwanakheri alipiga kila Ijumaa. Aanze na salamu, aulizie wazazi, aulizie usingizi, aulizie mvua za huko Rwanda, kisha amshukuru Mungu kwa yote hayo. Dakika mbili na nusu zilikuwa zimekwenda.

"Shida yako nini, bibi?" Umulisa humkatiza.

"Ile mashine ya tatu, mwanangu, hii ya nyuma ya nyumba yangu. Inavuma mchana, inavuma usiku mpaka alfajiri. Na mzee wangu macho yamemwishia, kabaki na masikio tu. Sasa sauti ile..."

"Nimekuelewa, bibi. Mafundi watakuja."

Akikata simu, huandika: kelele. Kisha, kwa kuwa meneja hapendi kuona mstari mwekundu, hubonyeza: limetatuliwa. Hakuna fundi aliyekwenda. Alifanya hivyo mara saba, na mara saba yule mama alimwombea dua kabla simu haijakatika.

Jumatatu baada ya cheti, uzalendo ulimshinda. Alimfuata Gratien, fundi aliyekaa mbele ya kompyuta za mashine.

"Gratien, hii ya tatu iko inatesa watu. Uizime kabisa mpaka mafundi waende."

"Nani alilalamika? Huku kwangu iko sifuri."

"Ni mimi nilidanganya." Uso ulimwaka. "Bibi mmoja, mara saba. Akipiga, mimi nafunga."

Gratien alimtazama, akatikisa kichwa. "Yewe, Umulisa. Athanasie akijua, kazi imeisha."

"Nitamwambia mwenyewe."

Akamwambia. Athanasie hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi. Alimpa mpaka Jumanne jioni awe ameondoa vitu vyake. Mashine ya tatu ilizimwa Jumatatu hiyo hiyo, jua likizama.

Umulisa alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Aibu ilikuwa bado ipo, lakini alijiambia kwamba huko Kidundo kuna mzee mmoja amelala pia.

Jumanne mchana, alipomaliza kufunga vitu vyake kwenye boksi, alipiga simu yake ya mwisho. Safari hii saa hakuitazama. Alimwamkia bibi, akaulizia nyumba, akaulizia mzee, akaulizia mvua. Bi Mwanakheri alimjibu kwa mkato, neno moja moja, na Umulisa akaona kwamba anastahili.

"Bibi, nimepiga kukuomba radhi. Umelalamika mara saba na sikufanya lolote. Lakini sasa tumeizima ile mashine. Tangu jana haivumi."



"Nani alilalamika, mwanangu?" Bi Mwanakheri alisema. "Mimi nilikuwa napiga kuwashukuru, na kuwaomba msije mkaizima hata siku moja. Mzee huenda msikitini alfajiri na wenzake, lakini kurudi hutaka arudi peke yake, akiifuata sauti ile mpaka mlangoni. Leo hajarudi. Vijana wako huko mikokoni wanamtafuta, na maji yameanza kujaa."

Akavuta pumzi.

"Iwasheni, mwanangu. Iwasheni apate kuisikia."