Blauzi ya Usaili

"Simu ililia kwangu, Siwema. Kosa langu lipi?" Mama Hidaya aliuliza huku akichokoa meno.

"Niliandika namba yako kwenye barua ya kuomba kazi kwa sababu simu yangu mbovu, na ukakubali! Wameniita kwenye usaili, ukampeleka mwanao!"

"Hukuwepo. Nafasi ipotee bure?"

"Nilikuwa uani kwako, nafua mashuka yako!"

Majirani wakaguna. Hidaya akatokea mlangoni na sahani ya pilau, amevaa blauzi nyeupe aliyoazimwa na Siwema juzi, eti ya kwendea harusini.

"Dada Siwema, kazi nimepata!" Akajipangusa vidole vyenye mafuta kifuani, kwenye ile blauzi. "Mbona umesimama nje? Ingia ule."